Triga ya Baba na Springi ya Kalamu

Kuna mambo mtu huyaficha hata kwa ndugu zake wa tumbo moja, na hili ningelificha mpaka kaburini kama video yake isingekuwa imeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima wa bosi wangu, kuanzia Riyadh mpaka Jeddah, hata asubuhi moja mwokaji mikate wa mtaani kwetu Malaz, hapa Riyadh, akanipigia saluti kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukinipa mikate. Kwa kuwa aibu imeshanitangulia, heri niisimulie mwenyewe. Wengine wanaiongezea chumvi, na kusema kweli haihitaji chumvi yoyote.

Mimi naitwa Mwadime, mtu wa Voi, dereva wa nyumbani. Bosi wangu ni mzee mmoja anayeitwa Abu Turki, mwalimu mstaafu wa hesabu, mpole, mwenye miwani miwili anayoivaa kwa zamu (ya kusomea na ya kutazamia mbali, na siku zote aliyoivaa siyo anayoihitaji). Sisi wafanyakazi tunamwita Baba, na mkewe tunamwita Madam. Wafanyakazi wenyewe tuko wawili tu, mimi na dada Nekesa, mpishi, mtu wa Bungoma, mwanamke ambaye akikutazama bila kusema neno unaanza kukumbuka makosa yako ya darasa la tatu.

Chanzo cha yote ni neno moja. Wiki yangu ya kwanza hapa, Baba alikuwa amenichukua kwenda kupiga alama za vidole kwa ajili ya ikama, kile kibali cha kuishi hapa, mimi ndiye nimeshika usukani, na dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimekwaruza gurudumu lake jipya kwenye ukingo wa barabara, kwa hiyo ndani ya gari kulikuwa na ule ukimya ambao unautafutia kitu cha kuujaza. Akaniuliza, kwetu nilikuwa nafanya kazi gani. Kwa Kiarabu changu cha siku nne nikamjibu, "Ana awal askari," yaani mimi zamani askari. Na sikudanganya. Kwetu askari anaweza kuwa wa polisi, anaweza kuwa wa kanjo, yaani wa halmashauri ya mji, na anaweza kuwa wa geti, na mimi nilikuwa wa geti, nililinda duka la mabati pale Voi kwa miezi minane, silaha zangu rungu, tochi na filimbi. Lakini hapa askari ni mwanajeshi, halas, hakuna mwingine. Baba akanigeukia, akanitazama kama mtu aliyenunua mbuzi akagundua ni farasi.

"Maashallah," akasema. "Jeshini?"

Ningeweza kusema hapana. Hapana ni neno fupi, nilikuwa nalijua kwa Kiarabu, na barabara ilikuwa nyeupe. Lakini nilikumbuka lile gurudumu, nikaona mtu aliyeharibu gurudumu anahitaji kitu cha kumpandisha kidogo. Nikatabasamu tu, nikatazama mbele. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, kutabasamu na kutazama mbele, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima ikaniita Askari.

Miaka miwili ikapita vizuri sana. Uaskari haukuwa na kazi yoyote, ulikuwa kama koti zuri ambalo hakuna baridi ya kulivaa.

Sasa Baba ana bunduki moja ya upepo, ile ya kulengea shabaha za karatasi, inayopiga vidonge vidogo kama punje ya mtama. Ana kibali chake, anaifungia kabatini, na kila wiki huenda nayo kwenye klabu yao. Mpinzani wake mkubwa ni shemeji yake, kaka wa Madam, anayeitwa Abu Faris, afisa mstaafu wa jeshi (la kweli), anayeishi Jeddah. Kila wakikutana hushindana kulenga shabaha, na anayeshindwa kazi yake ni kumimina kahawa jioni yote, anazunguka na birika mbele ya ukoo mzima, na mshindi anaruhusiwa kusema haina iliki ya kutosha. Baba alikuwa ameshamimina kahawa mara mbili mfululizo. Aliamini kosa si lake, kosa ni la triga, kile kidude unachokivuta kwa kidole ili bunduki ipige. Ya kwake ilikuwa nzito, ukiivuta mkono mzima unatikisika na shabaha inakwenda kando. Basi akaagiza triga mpya, nyepesi, ya kampuni nyingine. Ile ya zamani, kwa furaha, akampa rafiki yake wa klabu hata kabla mpya haijafunguliwa kwenye boksi.

Tatizo, fundi wa klabu yao alikuwa amekwenda likizo kwao. Na shindano la Jeddah lilikuwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa uani naosha gari, Baba akatoka na kiboksi mkononi, amevaa miwani isiyo yake kwa kazi hiyo, akakiweka juu ya boneti na kusema, "Askari, hii kazi yako."

Nikasema, "Tamam, Baba," yaani sawa. (Mniulize kwa nini. Hata mimi hujiuliza.)

Nilibeba bunduki, tupu, Baba mwenyewe alihakikisha, nikaenda nayo kwenye jiko la uani kwa sababu ndiko kulikokuwa na meza na taa nzuri. Nekesa alikuwa na sufuria kubwa la kabsa mekoni, ule wali wa nyama na viungo. Akanitazama nikitandika gazeti.

"Mwadime," akasema, "umewahi kushika bunduki?"

"Nimewahi kushika rungu."

"Basi si umwambie mzee."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishamaliza kuifunga."

Akatikisa kichwa, akarudi kwa vitunguu vyake. Mimi nikafungua simu, nikapata video ya jamaa mmoja mwenye ndevu anayefunga triga kama ile ile, anaongea lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi, lakini mikono yake ilikuwa inasema vizuri kabisa. Alitoa hiki, akaweka kile, akageuza, tayari. Kwake ilikuwa dakika sita. Mimi dakika ya sita nilikuwa bado natafuta msumari mmoja mdogo ambao nilikuja kuupata nimeukalia.

Kutoa kilichobaki cha zamani haikuwa kazi. Kazi ilikuwa hii mpya, iliyokuja vipande vipande, na katika vipande hivyo kulikuwa na springi moja ndogo, nyembamba, ndogo kiasi kwamba ukiipumulia inasogea. Nikaishika kwa kibanio cha nyusi cha Nekesa (nilikiazima bila kusema), nikaibana, nikaisogeza mahali pake, na Nekesa wakati huo huo akafunua sufuria kuonja chumvi. Springi ikasema tik, ikaondoka. Sikuiona ilikoelekea. Tuliisikia tu ikiingia, sauti ndogo ya kitu kinachotua mahali pa maji.

Tukatazamana.

"Usiniambie," akasema Nekesa.

"Sijasema kitu."

Tuliupakua wali wote kwenye sinia mbili, tukainama kama watu wanaochambua mchele wenye mawe, tofauti ni kwamba mchele huu ulikuwa unaunguza vidole, na ndani yake kulikuwa na zabibu, karafuu, iliki, vijiti vya mdalasini, kila kitu ambacho kwa jicho la mwenye hofu kinafanana na springi. Nilishangilia karafuu tatu. Kisha Madam akaita kutoka ndani, chakula kiko wapi, wageni wameshakaa, yalla. Nekesa akaupanga wali kwenye sinia moja kubwa, akaweka nyama juu, akafanya ishara ya msalaba, akaingia nao.

Robo saa baadaye Baba akaniita ndani nimweleze kazi imefika wapi. Nimesimama mlangoni, naeleza kwamba kazi inakwenda vizuri, na Baba anatafuna, mara taya yake ikasimama. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa chenyewe, mviringo wake wote, hata hakijapinda.

"Hii nini?" akauliza.

Mimi nikatazama zulia. Madam akakichukua, akakitazama, akasema ni uzi wa ile steli wulu ya kusugulia masufuria, akamwita Nekesa, na Nekesa akaja, akakiona, akanitazama mimi kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwezi wa Ramadhani, kisha akasema, "Pole, Madam." Akafokewa. Mbele ya wageni. Na kuanzia siku hiyo akapigwa marufuku kutumia steli wulu. Springi ikafungwa kwenye tishu, tishu ikaenda kwenye pipa, na pipa likachukuliwa na gari la taka nikiwa nimetumwa kupeleka wageni kwao. Niliporudi nikalikuta tupu, nikaliinamia hivyo hivyo kwa adabu.

"Dada Nekesa, asante," nikamwambia jioni.

"Usinishukuru," akasema, anasugua sufuria kwa kucha. "Siku ya kusema utasema. Mimi nangoja."

Sasa mtu mwenye akili hapo angekwenda kwa Baba. Mimi nilikwenda kwa kalamu. Nilikuwa na kalamu ya bluu, ile ya kubonyeza, nikaifungua, springi yake ikaonekana kama binamu wa ile iliyoliwa, ndefu kidogo lakini ya ukoo mmoja. Nikaibana, nikaisukuma, ikaingia. Nikafunga kila kitu, nikavuta triga bila kidonge ndani, ikasema tak. Baba naye akavuta, tak, akacheka peke yake kama mtu aliyeona mtihani kabla ya siku ya mtihani. Nilijipongeza. (Kalamu ile sikuwahi kuandika nayo tena, ilikuwa ukibonyeza haitoki, ukiisahau inatoka.)

Jumatano tukaondoka kwenda Jeddah. Baba mbele pamoja nami, Madam na Nekesa nyuma, bunduki kwenye mkoba wake uliofungwa kufuli, na makaratasi yake kwenye bahasha. Saa kumi za barabara, na Nekesa kwenye kioo cha katikati ananitazama kila nikiinua macho.

Alhamisi asubuhi, nyumbani kwa Abu Faris, Baba akaitoa kuijaribu tupu. Akavuta. Kimya. Akavuta tena mpaka kidole kikawa cheupe, kimya. Akanipa mimi nikavuta, kimya.

"Mushkila?" akauliza, yaani kuna tatizo?

"Mafi mushkila, Baba. Ni hewa ya bahari. Kidogo tu nitairekebisha." (Hewa ya bahari. Mtu wa Voi anazungumzia hewa ya bahari.)

Nikatoa ile triga peke yake, bunduki nikamrudishia Baba aifungie, na triga nikaitia kwenye mfuko wa mkate, nikaelekea Ghulail, mtaa mmoja wa Jeddah. Ghulail kumejaa watu wetu wa Afrika Mashariki, na watu walishaniambia kuna fundi cherehani kule, wa kushona na wa kuzitengeneza, Mzee Athumani, mtu wa Tanga, ambaye hakuna springi iliyowahi kumshinda. Nilimkuta kwenye kiduka chake kati ya muuza unga wa sembe na kinyozi, ana miwani puani na kanzu za watu zimemzunguka mpaka shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leta."

Nikampa. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Hiki ni cha nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine, nyeupe kama ile barabara ya siku ya kwanza. Lakini mtu atasemaje kwamba hiki ni kidude cha bunduki, sokoni, watu wamejaa? Nikasema, "Ni cha cherehani. Ya viatu."

"Cherehani za viatu nazijua tangu sijaota ndevu. Hii siijui."

"Ni mpya, mzee."

"Mh." Akaifungua kwa bisibisi ndogo, akacheka puani. "Hii springi ni ya kalamu."

"Ndiyo walivyoileta."

"Inasumbua nini?"

"Inakataa kuachia. Nataka iachie kwa kuguswa tu, kidogo tu."

"Kwa kuguswa tu? Si itamshona mtu kidole?"

"Mwenyewe ana mkono mwepesi."

Akanitazama juu ya miwani. Akaikata ile springi ya kalamu nusu, akasugua hapa, akatia mafuta pale, akagusa kwa ncha ya sindano, ikaachia. Akagusa tena, ikaachia. Akanirudishia ndani ya mfuko wangu wa mkate, akasema maneno ambayo nayakumbuka kila siku, "Kijana, kama ungeniambia ni ya nini, ningejua nikomee wapi."

Nikamshukuru, nikaondoka mbio. Nikaifunga. Baba akagusa, tak, kama kubonyeza kengele ya mlango wa mtu asiyetaka kuamshwa. Akafurahi hata akanishika bega. "Askari," akasema, na kwa mara ya kwanza lile jina likanikaa shingoni kama kola ya shati la mtu mwingine.

Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, ukoo ukakusanyika kwenye istiraha ya Abu Faris, yaani bustani yake ya mapumziko nje ya mji. Wanaume upande mmoja, kama ishirini na tano, wanawake upande wao nyuma ya ukuta wenye mlango. Mbele kuna tuta la mchanga, karatasi mbili za shabaha zimesimamishwa mbele ya tuta, na huku meza mbili zenye mifuko ya mchanga ya kulazia bunduki. Sheria ya kwanza ilikuwa kali, hakuna anayepita mbele ya meza mpaka bunduki zote ziwe tupu. Ya pili, kila mtu vidonge kumi, na karatasi yako inahesabiwa kwa matundu kumi bora. Hiyo ya pili walicheka wakiiweka, maana nani atakuwa na matundu zaidi ya kumi?

Kabla hawajaanza, Abu Faris akaniona. Mtu mrefu, mgongo kama mlingoti, sharubu zimechongwa.

"Huyu ndiye Askari wako?" akamwuliza Baba. "Askari. Simama."

Nikasimama (nilikuwa nimeshasimama, nikasimama zaidi). Nikapiga saluti. Nilipiga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika sinia la tende, na mtu mmoja tayari alikuwa ameinua simu.

Abu Faris akaitazama ile saluti kwa muda. "Jeshini uliongoza watu wangapi?"

"Wawili," nikasema. (Mmoja alikuwa mimi, na wa pili alikuwa mbwa wa mwenye duka.)

"Kikosi gani?"

"Cha mabati," nikasema, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kilichokuja, na yeye akatikisa kichwa polepole, nadhani alifikiri ni vifaru.

Wakaanza. Abu Faris akapiga vidonge vyake kumi, tisa vizuri, kimoja kikaenda pembeni kabisa ya karatasi, akauma sharubu. Halafu Baba. Jamani, Baba alipiga. Ile triga ilikuwa inaachia kabla hajamaliza kufikiri, akigusa tu, pah, kama mtu anayefungua soda, na tundu liko katikati. Wapwa zake wakaanza kuhesabu kwa sauti. Baada ya vidonge tisa alihitaji tu kupiga popote pale ndani ya duara kubwa ili ashinde, na mimi nimesimama nyuma yake kifua mbele, nimeshaamini kwamba labda kweli nilizaliwa fundi wa silaha na Voi ndiyo iliyonichelewesha.

Akatia kidonge cha kumi. Akailaza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mdomo umeelekea upande wa shabaha bila kulenga, akaondoa mikono yote miwili ili abadilishe miwani. Akatoa ya kusomea. Akafuta ya kutazamia mbali kwa ncha ya kilemba chake. Na pua yake, kwa sababu ya vumbi la tuta, ikamsaliti, akapiga chafya, meza ikatikisika.

Pah.

Hakuna aliyekuwa ameigusa. Bunduki ilikuwa imelala peke yake, imetulia kama paka. Tukatazama karatasi ya Baba, matundu tisa. Tukatazama karatasi ya Abu Faris, na pale katikati, katikati ya katikati, palikuwa na tundu jipya, zuri kuliko yote ya jioni ile. Matundu kumi na moja. Na kwa sheria, yanahesabiwa kumi bora, kwa hiyo lile lake baya likatupwa nje na hili la Baba likaingia, na Baba akawa amemshindisha shemeji yake kwa bunduki yake mwenyewe, kwa chafya.

Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wote. Baba hakucheka. Alikuwa bado ana miwani mkononi.

Abu Faris hakucheka pia. Alihakikisha bunduki ni tupu, akaomba ruhusa, akaifungua pale pale mezani juu ya kitambaa cheupe, kwa vidole vya mtu anayejua, na baada ya muda akainua ile nusu ya springi.

"Hii imetoka wapi?"

"Ghulail," nikasema.

"Kwa fundi wa silaha?"

"Kwa fundi wa cherehani."

Simu zilizoinuliwa sasa zilikuwa nne.

"Na kabla ya Ghulail?"

"Kwenye kalamu."

Baba akavaa miwani, ile iliyo sahihi safari hii, akanitazama. Hakupandisha sauti. "Mwadime," akasema, na ndipo nilipojua anakumbuka jina langu. "Wewe ni askari au si askari?"

"Ni askari, Baba. Askari wa geti. Kwetu hata wa geti anaitwa askari. Nilikuwa nalinda duka la mabati. Nilikuwa na filimbi."

Nikaona kule mlangoni kwa wanawake Nekesa amesimama na sinia la vikombe, na Madam nyuma yake amejifunika, wote wanasikia. Nikaona kwamba nikikomea hapo nitakuwa nimejisafisha mimi tu. Nikasema, "Na Baba, kile kitu ulichotoa mdomoni Jumatatu hakikuwa steli wulu. Ndiyo springi yenyewe, ya kweli. Iliruka ikaingia kwenye wali. Nekesa hana kosa. Alinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza kwa ajili yangu."

Baba akainua mkono polepole, akajigusa jino. Hapo ndipo wanaume ishirini na tano walipoanguka. Mmoja alikaa chini kwenye mchanga. Abu Faris, afisa mzima, sharubu zote zile, aligeuka akashika meza kwa mikono miwili na mabega yanamtikisika, na alipogeuka tena alikuwa amelia.

Nilimwomba Baba nimimine kahawa mimi. Akasema, "Aliyeshindwa ni mimi." Akachukua birika. Akazunguka, mzee wa watu, kikombe kwa kikombe, na mimi nyuma yake na tende, na kila tulipofika kwa mtu, mtu huyo anajitahidi asicheke, anashindwa, kahawa inamwagika. Nilitamani wanifokee. Hakuna aliyenifokea. Abu Faris alisema tu kwamba haina iliki ya kutosha.

Kurudi Riyadh tulikwenda kama kilomita mia nne. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimeshahesabu moyoni nitamwambia nini mama yangu nikirudishwa nyumbani. Tukasimama kituo cha mafuta, Baba akashuka, akarudi na vikombe viwili vya chai ya maziwa, akanipa kimoja.

"Hiyo filimbi," akasema. "Ulijua kuipiga?"

"Ndiyo, Baba. Hata kwa vidole najua."

"Piga."

Nikaweka chai chini, nikatia vidole viwili mdomoni, nikapiga kama nilivyokuwa nikipiga wezi wakisogelea mabati. Madereva wa malori wote wakageuka. Baba akacheka mpaka akalazimika kuegemea mlango wa gari, na Madam ndani akauliza kuna nini, na Nekesa akamwambia, "Hakuna kitu, Madam, ni Mwadime anafanya kazi yake."

Sikufukuzwa. Madam alimwomba Nekesa radhi, akamnunulia boksi zima la steli wulu, na Nekesa akaniletea boksi lile mimi, pamoja na masufuria yote, kwa mwezi mzima, hata yale yasiyotumika. Fundi wa klabu aliporudi kutoka likizo aliifunga triga upya na springi inayostahili, na nasikia klabuni wanamwonyesha kila mgeni ile nusu ya springi ya kalamu, imebandikwa ukutani.

Na mimi nimejiwekea nadhiri: nikiulizwa kitu, nakijibu chote mpaka mwisho, hata kama mwisho wake unaniaibisha. Juzi jirani yetu alinikuta barabarani akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi za mashine za kupozea hewa, maana ya kwake imeharibika na joto linamuua. Nikamwambia ndiyo, nimewahi, niliwahi kubeba moja kutoka kwenye lori, na ilinianguka. Akanitazama, akanishukuru kwa adabu, akaenda kutafuta fundi.